Sikukuu Isiyo na Mwaliko

Ivanjica, 7 Septemba 1987

Dada Zagorka,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama mpaka mbwa. Sisi hatujambo. Verka mgongo unamsumbua, ila nguvu za kunigombeza mimi mumewe bado anazo, kwa hiyo usimwonee huruma. Jasna na mumewe wamehamia chumba cha juu. Huyo mkwe wangu Zvonko amepata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, na sasa anatembea na wino kwenye kucha kama jenerali na nishani zake. Miplamu imezaa mpaka matawi yanakatika. Mama hajambo.

Sasa sikia. Ukumbi umekwisha! Nimeujenga upande wa mtoni, ubavuni mwa mgahawa, madirisha makubwa, sakafu ya mwaloni, jiko la kuni pembeni. Harusi nzima inakaa humo na hakuna anayemchoma mwenzake kiwiko. Watu wanatoka miji ya jirani kuja kuutazama tu, halafu wanaona haya kuondoka bila kula. Baba angeuona angejifanya haoni, kisha angekwenda kuwasimulia wenzake wiki nzima.

Ndiyo maana nimekata shauri: slava ya mwaka huu, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu, tutaifanya ukumbini. Mtakatifu Nikola hatakasirika kukaa penye joto. Nyumbani watu wanabanana hadi kwenye ngazi, sahani zinapitishwa juu ya vichwa, na mama kachoka kupika. Usianze kufoka kabla hujamaliza kusoma. Nakujua.

Mama anasema ule vizuri, na usigombane na Waaustria.

Mdogo wako,
Radisav


Vienna, 20 Septemba 1987

Radisav mdogo wangu,

Barua imefika, na harufu ya moshi wa jikoni kwako imefika nayo. Mimi mzima. Shule yetu ya Jumamosi imefunguliwa. Watoto wa wafanyakazi wetu wanaweza kunitajia mito yote ya Austria, lakini ukiwauliza Morava iko wapi wanatazama dari. Nitawanyoosha. Kuhusu kutogombana na Waaustria, mwambie mama amechelewa: bwana mmoja aliandika gazetini kwamba chakula chetu ni mafuta na kelele, nami nikamjibu. Wamechapisha nusu ya majibu yangu. Nusu iliyobaki nitampelekea nyumbani kwake.

Hongera kwa ukumbi. Naisema hongera hiyo kwa moyo mweupe. Umetoka kwenye meza nne na bomba linalovuja, na hukuinama mbele ya mtu.

Nimemaliza kusoma. Sasa naanza kufoka.

Mgahawani mtu anaingia akiulizwa atakula nini. Nyumbani haulizwi. Anakaa, anawekewa, akikataa anaongezewa. Wewe mwenyewe ukivaa aproni unakuwa mtu mwingine, unatabasamu kwa yeyote mwenye njaa. Siku ya slava hatuhudumii wenye njaa. Tunasimama mbele ya mshumaa katika nyumba aliyoijenga babu, penye ile picha ya mtakatifu iliyoungua kona, na kila anayepita mlangoni anajua anaingia kwa nani. Sakafu ya mwaloni haijui lolote. Imezaliwa jana!

Na tangu lini mama amechoka kupika? Mwanamke aliyemzika mume asubuhi na jioni akalisha kijiji? Mwanamke aliyemfukuza daktari jikoni kwa mwiko kwa sababu alifunua chungu? Maharage yake ya kuoka ndiyo slava yenyewe. Watu wengine wana kengele za kanisa, sisi tuna harufu ile ya vitunguu, vingi karibu sawa na maharage yenyewe, ikishuka kilimani tangu alfajiri. Usiniambie amechoka. Niambie sababu ya kweli.

Mbusu mama mikono.

Dada yako,
Zagorka


Ivanjica, 8 Novemba 1987

Dada Zagorka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na harusi, halafu plamu za kutengenezea pombe ya rakija, halafu harusi nyingine. Kabichi tumeshaziingiza kwenye pipa zichachuke. Mama alisimamia kutoka kwenye kiti chake na kututukana ipasavyo, jiwe la kukandamizia likabadilishwa mara tatu. Jasna ni mjamzito. Zvonko anatembea kama ndiye aliyebeba.

Umeniuliza sababu. Nitakujibu juu ya mgahawa kwanza, maana hapo umenigusa pabaya.

Unasema mgahawani tunahudumia wenye njaa. Ndiyo, na sioni aibu. Dragutin alipofiwa na mkewe, nani alimlisha? Ndugu zake wa damu walimpelekea keki siku ya mazishi, basi. Mimi nimemwekea supu mezani kila mchana tangu wakati huo, meza ile ile, kijiko kile kile, na akichelewa Verka anatoka barabarani kumtazama. Madereva wa magari ya magogo wanaoshuka mlima Javor usiku kucha na theluji, wanaingia kwangu asubuhi wakiwa bluu kama maiti, wanatoka wakiwa watu. Wengine hawana pengine pa kuitwa kwa jina. Kama hiyo si nyumba, nieleze wewe uliyesoma, nyumba ni nini?

Na kwa kuwa tunazungumzia nyumba: wewe unaitetea slava kutoka Vienna kwa kalamu kali, lakini kiti chako kiko kitupu tangu mwaka ule ulipoachana na mumeo Branko. Mama anakiacha wazi kila mwaka. Ukumbini hakutakuwa na kiti kitakachonitazama hivyo.

Mambo ya slava yanaendelea vizuri. Mama hajambo.

Radisav


Vienna, 26 Novemba 1987

Radisav,

Hongera kwa Jasna, na mwambie akae mbali na jiwe la kabichi. Hapa kuna baridi, na mimi mzima. Salamu zimekwisha.

Jana nimepokea kwa posta bahasha nyeupe. Ndani yake kadi. Kingo za dhahabu. Picha ya Mtakatifu Nikola inayofanana na kinyozi. Na chini yake, kwa herufi za kujipinda: familia inayo heshima kukualika wewe, Bibi Zagorka, kwenye sherehe ya slava, ukumbini, saa sita mchana.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kisha nikamgongea jirani yangu, mtu wa kwetu kutoka Šabac, nikamwonyesha. Unajua alifanya nini? Alijifunika mdomo. Akasema, "Maskini, umemkosea nini ndugu yako?"

Radisav, kichwa chako kiko wapi? Slava haialiki mtu! Mtoto mdogo wa kwetu anajua. Ukimwalika mtu unamwambia kwamba bila kadi yako hana haki ya kuja. Anayejua siku anakuja, mlango uko wazi, basi. Baba hakumwalika mtu hata mmoja maishani mwake, na nyumba ilipasuka kwa watu. Kualikwa ni kwa wageni, na kwa wale tunaotaka wajue kwamba ni wageni. Nilizaliwa katika nyumba ile kabla yako. Nimekufuta kamasi kwenye ngazi zile. Leo nimekuwa Bibi Zagorka mwenye nafasi ya kukaa kuanzia saa sita?

Niambie tu kwamba kadi hiyo umenitumia mimi peke yangu, ili nijue ni tusi na wala si wazimu.

Sababu niliyokuuliza hujanipa. Umenipigia hotuba juu ya madereva wa magogo, hotuba nzuri, ningeichapisha. Lakini mara mbili umeandika "mama hajambo" kama mtu anayefunga mlango haraka. Mama ana nini?

Kuhusu kiti changu, sijibu.

Zagorka


Ivanjica, 4 Desemba 1987

Dada,

Huku theluji imefika magotini. Jasna anatapika, Zvonko anatapika naye kwa mshikamano.

Kadi hukutumiwa wewe peke yako. Zimekwenda kwa wote: majirani, wakwe, padri Sava, mzee Tihomir, mpaka Dragutin anayekula kwangu kila siku. Zvonko alizichapa kazini na alikuwa na furaha sana, sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nilijiambia, nyumbani watu wanajua njia, ukumbini watajuaje? Nilifikiri kama mwenye mgahawa. Sasa nikipita barabarani watu wananisalimia kwa adabu. Unajua maana yake hapa kwetu, mtu akianza kukusalimia kwa adabu.

Umetaka sababu. Haya.

Baada ya ile homa kali ya mwaka jana mama hasikii ladha. Hasikii harufu wala ladha, hata ya siki. Hajamwambia mtu. Niligundua siku ya slava. Maharage yalikuja mezani, mekundu, yenye ganda la juu kama alivyozoea, watu wakajipakulia, na kijiko cha kwanza kilipoingia mdomoni nikaona nyuso zao. Chumvi, dada! Aliweka, akasahau kama ameweka kwa sababu ulimi haukumwambia, akaweka tena na tena. Yalikuwa ya kuhifadhia nyama. Mama amesimama mlangoni na kitambaa chake cheupe cha kichwani, anasubiri. Unajua jinsi anavyosubiri.

Hakuna aliyetema. Mzee Tihomir alifumba macho akameza, akasema, "Mama Stamena, mikono yako ibarikiwe." Mwingine akasema hajawahi kula kama haya, na hakudanganya. Chungu kiliisha. Usiku nilimkuta Tihomir uani, kichwa chini ya bomba, anakunywa kama ng'ombe.

Siwezi kulirudia hilo. Safari ile walimeza. Safari ijayo mmoja atacheka, na mama ataona. Ana miaka themanini na moja, mji mzima unamjua kwa chungu kimoja. Ukumbini kutakuwa na samaki, supu, vifurushi vya kabichi, saladi, mkate, wapishi wangu wawili. Nani ataulizia maharage? Nimemwambia mama akae kama malkia. Kasema ni sawa. Kasema kwa sauti ndogo, ila kasema.

Sasa nitukane.

Radisav


Vienna, 11 Desemba 1987

Radisav,

Sikutukani. Nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa.

Lakini umekosea, na nitakwambia wapi. Ulipomvua chungu hukumlinda. Umemweka kwenye kiti cha malkia ambako hakuna anayemwambia kitu. Mji mzima ulimdanganya kwa mdomo uliojaa, na wewe ukaita hiyo heshima. Heshima ilikuwa kumwambia, "Mama, chumvi imezidi," kama ambavyo yeye angekwambia wewe mbele ya mawaziri. Mama yetu si yai.

Unataka kujua kwa nini siji? Mwaka ule nilipoachana na Branko niliingia slava nikitegemea watu wanisute, wanitetee, wanigombeze, chochote. Walinyamaza. Walinipakulia na kuniuliza habari za hali ya hewa ya Vienna. Wewe pia, Radisav. Wewe ulinijazia glasi, ukaanza habari za bei ya mbao. Watu wa kwetu wanajua sana kunyamaza kwa upendo, na upendo wa namna hiyo mimi unanikaba shingoni. Mtu akiniambia nimekosea najua bado ananihesabu.

Kadi yako nimeirudisha kwa posta. Usinitumie nyingine.

Mwambie mama ukweli, au nitamwambia mimi.

Zagorka


Ivanjica, 27 Desemba 1987

Dada Zagorka,

Uliondoka alfajiri ya kuamkia kesho yake nikiwa bado nasomba viti, na siku nzima ya slava hatukupata nafasi ya kusema hata maneno kumi, nyumba imejaa, mimi nimesimama na chupa mkononi kama inavyompasa mwenyeji. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea ukumbini kabla sijapanda kule juu nyumbani. Verka anasema nisiandike. Naandika.

Asubuhi mama alisema ana kichwa, tutangulie, atashuka baadaye na Jasna. Tukatangulia. Nilipanga meza mwenyewe. Vitambaa vimepigwa pasi, samaki wa kukaanga wamepangwa kama askari, ngano tamu ya sikukuu katikati, mkate wa slava umechorwa na Verka, na mshumaa. Saa sita nikauwasha. Nikasimama mlangoni na suti niliyovaa siku ya harusi ya Jasna.

Hakuna aliyekuja.

Nilijiambia ni theluji. Kisha akaingia mtu mmoja, moyo ukaruka. Alikuwa mwuza matairi kutoka Kruševac, anauliza kama kuna chakula cha mchana. Zvonko akamweka mezani peke yake katikati ya ukumbi mtupu, akamletea supu. Yule bwana alikula akitazama viti vyote vile, akaniuliza taratibu, "Bosi, kuna msiba?"

Padri Sava akapita. Alifungua mlango, hakuingia. Akasema, "Radisav, nilipohamia mji huu baba yako hakunialika. Alinionyesha nyumba kwa kidole, akasema ile pale. Nimekwenda kila mwaka. Leo umeniletea karatasi, nimeona haya kwa niaba yako." Akafunga mlango kwa upole, nikamwona anashika njia ya kilimani.

Ndipo Verka aliponiita dirishani. Walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara, wote, na chupa zao na pakiti zao za kahawa, wamevaa vizuri. Tihomir na fimbo yake, Dragutin kapaka mafuta nywele. Hawakugeuza shingo kuutazama ukumbi. Walikuwa wanapanda nyumbani kwetu, kwa mama, kama walivyofanya miaka yote. Na juu kule bomba la moshi lilikuwa linafuka.

Dada, nilitaka sakafu ya mwaloni inimeze. Halafu, sijui nikuelezeje, nilijisikia fahari. Fahari kubwa. Wameninyima mimi, lakini nyumba ya baba hawakuinyima.

Nilizima mshumaa kwa mvinyo inavyotakiwa, nikiwa peke yangu. Tukachukua masinia, mimi, Verka na Zvonko, tukapanda na theluji ile. Hata mwuza matairi alibeba supu.

Nilipofungua mlango wewe ulikuwa mezani, na macho mekundu, na mama anacheka. Nimemwuliza mama mara kadhaa nini kilitokea kabla sijafika. Anasema, "Mwulize dada yako, ndiye mwandishi." Nakuuliza.

Radisav


Vienna, 9 Januari 1988

Mdogo wangu Radisav,

Heri ya Noeli yetu ya Januari kwenu. Nimerudi salama. Watoto wa Jumamosi nimewapa ule mkate wa Verka, wameumaliza, wameniuliza kama Morava ina mkate zaidi. Mafanikio.

Nilifika na basi la kwanza kutoka Čačak. Sikuwa na nia ya kuja, nia ilikuja yenyewe nikiwa stesheni nampeleka jirani. Nilipofungua mlango wa jikoni mama alikuwa amejifunga aproni, chungu tayari kiko kwenye oveni. Kumbe maharage aliyaloweka usiku nyinyi mmelala, akaficha bakuli chini ya kitanda. Hakushangaa kuniona. Akasema, "Umechelewa. Menya vitunguu." Miaka yote ile, Radisav, na hilo ndilo alilosema. Nikamenya. Ndiyo maana macho yalikuwa mekundu, usinitungie mengine.

Watu wakaanza kuingia. Mama aliwasha mshumaa mwenyewe, akasema mwenyeji yuko njiani. Hakuna aliyeuliza njia gani. Akaleta chungu. Akasimama pale pale mlangoni ulipomwelezea, na kitambaa kile.

Nikaonja. Hayakuwa na chumvi kabisa. Safari hii alikuwa ameogopa, hakuweka hata kidogo. Ilikuwa kama kula udongo uliopikwa vizuri. Nikatazama pande zote. Tihomir kafumba macho, kameza, kafungua macho, kasema, "Mama Stamena, yamepita ya mwaka jana!" Wengine wakaitikia kama kwaya.

Nilikuandikia kwa kalamu kali kwamba nitamwambia. Mbele ya uso wake, nakwambia ukweli, niliweka kijiko chini kwanza. Nikasema, "Mama, hayana chumvi."

Mke wa Tihomir alinitazama kama nimempiga mtakatifu kofi. Mtu akaanza, "Lakini Zagorka, jamani..."

Mama akasema, "Mwache!" Akaja mpaka kwenye kiti changu. "Mwaka mzima," akasema, "mwaka mzima nasubiri mtu mmoja katika mji huu anifungulie mdomo. Tihomir, wewe mwongo mkubwa, ulikunywa bomba langu lote, ulidhani silali na dirisha wazi? Leteni chumvi."

Wakacheka, Radisav, mpaka mshumaa ukayumba. Chumvi ikaletwa, ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akajiwekea kwenye sahani yake, na maharage yakawa yale yale, ya utotoni. Dragutin alilia bila kuficha.

Sasa sikia sehemu yako. Wakati wanacheka mimi nilijawa na kiburi cha kushinda. Nikamwinamia mama nikamwambia, "Umeona? Radisav alitaka wakudanganye ukumbini mpaka ufe." Uso wake ukabadilika. Alinishika sikio, mimi, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mwalimu, akalivuta.

Akasema, "Ndugu yako hapendi maharage. Tangu mdogo hayapendi, alikuwa anampa mbwa chini ya meza, unadhani sikuona? Mwaka jana alikula sahani mbili za chumvi, akanitazama machoni, akaomba ya tatu. Wewe umenipa ukweli, vizuri. Lakini yule usimseme mbele yangu."

Basi. Nimeshinda hoja na nimevutwa sikio. Nimeshinda hoja nyingi, Radisav, lakini hakuna mtu aliyewahi kula sahani ya tatu kwa ajili yangu kwa namna hiyo, wala mimi kwa ajili ya mtu. Ulipoingia na sinia la samaki, theluji kwenye nyusi na yule mtu wa matairi nyuma yako, nilitaka kukwambia. Nikakwambia, "Funga mlango, baridi." Unajua nilivyo.

Samaki wako na maharage ya mama kwenye sahani moja, sijala kitu kizuri kuliko hicho. Naliandika hili kwa hiari yangu, na ukilionyesha mgahawani nitakana.

Zagorka


Ivanjica, 21 Februari 1988

Dada Zagorka,

Jasna amevimba kama pipa la kabichi, daktari anasema Aprili. Zvonko ameuliza kama aandae kadi za ubatizo. Verka amemfukuza chumbani. Mji umeniadhibu mwezi mzima, kila anayeingia kunywa kahawa ananiuliza kama alitakiwa kuja na mwaliko. Nawaacha waseme. Wakichoka wanaagiza chakula.

Barua yako nimeisoma mgahawani, nyuma ya kaunta, kisha nikaenda stoo kukagua magunia ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

Sasa habari za mama. Alikuapia mbele yangu kwamba mguu wake hautakanyaga ukumbi ule hata ukijengwa kwa marumaru. Ijumaa iliyopita nimeshuka asubuhi, namkuta jikoni kwangu, ameketi kwenye kiti cha mpishi mkuu, na mpishi mkuu anamenya vitunguu huku kainamisha kichwa. Amekuja peke yake, kwa mguu. Chungu chake kakifunga kwa shuka mgongoni kama mtoto.

"Wewe," akaniambia, "kaa hapa uonje."

"Mama, mimi maharage siyapendi."

"Najua. Ndiyo maana hutanidanganya. Chumvi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado kidogo."

"Kidogo ya wewe au kidogo ya mtu mwenye akili?"

Nimeonja mpaka ulimi ukafa ganzi. Wapishi wangu walikuwa wanauma aproni wasicheke. Alipika chungu kizima, akakataa kiliwe kwenye meza ya familia. Akasema, "Wauzie watu. Nataka nione kama wageni wanayataka."

Mchana ukumbi ulijaa, madereva wa magogo walikuwa wameshuka kwa wingi. Nikayapeleka bila kusema ya nani. Mmoja wao, jitu kubwa kutoka Sjenica, alifuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa, akapaza sauti, "Bosi! Nani kapika haya?"

Nilifungua mdomo kusema jiko letu, kama ninavyosema kila siku. Nikasikia nyuma yangu, "Ngoja."

Alikuwa amevua aproni. Alikuwa amejifunga kile kitambaa cheupe. Alinipita, akatembea polepole juu ya sakafu ile ya mwaloni, mpaka katikati kabisa, akasimama. Lile jitu likasimama bila kujua kwa nini, na wengine wakasimama.

"Nimepika mimi," mama akasema. "Kaonja mwanangu."

Dada, nimekuwa na mgahawa huu karibu nusu ya maisha yangu. Sijawahi kutajwa vizuri hivyo mbele ya watu.

Mdogo wako,
Radisav